Kudandia Wimbi kwa Tumbo: Mwongozo kwa Mkazi wa London

London ni mji wa maji kupwa na kujaa, ingawa wengi wetu tunaoishi hapa tumeacha kuyatazama. Kwenye Tower Bridge Mto Thames hupanda na kushuka hadi mita 7, mara mbili kwa siku, kupita bamvua lolote la Unguja au Mombasa. Lakini wimbi la kudandia halipo, na hata lingekuwepo ungezuiwa: tangu 2012 mamlaka ya bandari imekataza kuogelea kati ya daraja la Putney na Crossness bila kibali. Kwa hiyo kwa mtu wa Barking, Tottenham au Peckham mchezo huu unaanzia kituo cha treni, na hilo linabadilisha hesabu yote. Mkazi wa Newquay akichungulia bahari akaona haifai, anarudi nyumbani kunywa chai. Wewe umeshalipa nauli. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye kuchagua siku kuliko kwenye kuchagua ubao.

Michezo yenyewe ni miwili, na ni ndugu. Wa kwanza hauna chombo: unajinyoosha kifudifudi kwenye uso wa wimbi, nalo linakubeba kuelekea ufukweni. Wa pili unalalia ubao mfupi wa povu gumu, na ukishazoea unavaa mapezi ya mpira miguuni. Anza na ule usio na chombo, hata kama ubao umeshaununua na uko nyuma ya mlango. Ubao huelea wenyewe, kwa hiyo huficha makosa ya mwenye kuulalia. Mwili mtupu hauna pa kuyaficha: ukichelewa wimbi linakupita, ukiwahi linakuangukia, na baada ya asubuhi moja ya kupitwa na kuangukiwa unajua mengi.

Wapo watakaokuambia kwamba kulala ni hatua ya watoto na mtu mzima husimama. Waache. Mwaka 1834 afisa wa jeshi la Uingereza, James Edward Alexander, alipita Accra akaandika juu ya wavulana aliowaona wakiogelea kwenda baharini na vibao vyepesi chini ya matumbo, wakingoja wimbi ili warudi nalo. Agatha Christie, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi, alijifunza kuteleza na ubao wa mbao Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 1922. Na London ina mzee wake katika habari hii: Arthur Traveller, mstaafu aliyekuwa akienda ufukwe wa Chapel Porth, Cornwall, mwaka baada ya mwaka na ubao wake wa kulalia. Alipofariki, wenyeji walianzisha mashindano ya kumkumbuka, wakayaita kwa utani ubingwa wa dunia. Ubao wa povu tunaoujua leo ulitoka Hawaii mwaka 1971, pale Tom Morey alipokata kipande cha povu kwa kisu cha umeme na kukilainisha kwa pasi ya nguo, huku ametandika karatasi ya gazeti kisigande.

Bwawani kwanza

Kabla ya bahari, jipime kwenye bwawa la halmashauri yako. Kipimo changu ni hiki: uogelee mita 200 bila kusimama, yaani mara nane kwenye bwawa la kawaida la mita 25, kisha ulale chali uelee dakika tano bila kuhangaika. Ukishindwa, hakuna aibu. Kwa takwimu za Sport England, asilimia 95 ya watu wazima Weusi wa England hawaogelei, na hali hiyo ndiyo iliyozaa Black Swimming Association mwaka 2020. Mmoja wa waanzilishi wake, Alice Dearing, ndiye mwanamke Mweusi wa kwanza kuogelea kwa niaba ya Uingereza kwenye Olimpiki, ile ya Tokyo. Na usijidanganye kwa kuwa umezaliwa pwani. Wako watu wa Kilwa na Lamu waliokulia mita hamsini kutoka majini na hawajui kuelea. Chukua masomo ya watu wazima. Takriban kila halmashauri ya London inayo.

Ukiwa bwawani, fanya zoezi moja tu linalohusu mawimbi. Sukuma ukuta kwa miguu, nyoosha mkono mmoja mbele, mwingine ubandike pajani, kaza tumbo na matako, uone unateleza umbali gani kabla ya kusimama. Rudia mpaka mwili usipindepinde. Mwili wa kudandia wimbi ndio huo, na ni rahisi kuupata kwenye maji yaliyotulia.

Nywele zimewazuia wengi wetu, hasa wanawake, na si jambo la kuchekwa. Zilowanishe kwa maji ya bomba kabla ya kuingia, kisha paka mafuta ya nazi. Nywele iliyokwisha kunywa maji safi hainywi sana ya chumvi wala ya klorini. Kwa rasta na misuko minene zipo kofia kubwa za Soul Cap, kampuni ya hapa hapa London. Shirikisho la kuogelea la dunia lilizikataa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, likazikubali mwaka 2022 baada ya kelele nyingi. Na kwa anayejali stara, habari njema ni kwamba bahari ya Uingereza inamfunika kila mtu: suti ya mpira inaanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, mwanamume kwa mwanamke. Inabana, ni kweli, lakini juu yake unaweza kuvaa fulana ndefu ya kuogelea na hakuna atakayegeuka kukutazama.

Baridi

Hapa usilete mazoea ya nyumbani. Maji ya Mombasa na Dar es Salaam hucheza kati ya nyuzi 25 na 29. Ya Uingereza na Ireland wastani wake ni kama 12 kwa mwaka mzima. Pwani ya kusini hufika 17 au 18 mwezi wa Agosti na Septemba, na Februari hushuka hadi 7. Chini ya nyuzi 15 mwili ukiingia ghafla hupata mshtuko: kifua kinabana, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, moyo unakwenda mbio. Mtu akivuta pumzi hiyo uso ukiwa majini, anakunywa bahari. Waogeleaji hodari hufa hivyo, tena karibu na ufukwe.

Mshtuko huo hupita ndani ya dakika moja au moja na nusu. Kwa hiyo ingia polepole, maji yafike magotini, kisha kiunoni, jimwagie usoni na shingoni, simama mpaka pumzi itulie, ndipo uendelee. Ukianguka ghafla kwenye kina, usiogelee. Lala chali, masikio yaingie majini, kidevu juu, tikisa mikono taratibu, ungoje. Hayo ndiyo mafunzo ya RNLI, chama cha hiari cha uokoaji baharini kilichoanzishwa 1824, na wamewaokoa wengi kwa maneno hayo machache. Kabla ya kwenda baharini, tumia mabwawa ya wazi ya London ambayo hayapashwi moto: Tooting Bec, lililofunguliwa 1906, au Brockwell na Parliament Hill. Ukiweza kutulia humo mwezi wa Mei, Bournemouth ya Agosti haitakutisha.

Suti ya milimita 3 kifuani na 2 mikononi na miguuni inatosha kuanzia Juni hadi Septemba. Majira ya baridi yanataka milimita 5 pamoja na soksi za mpira, glavu na kofia, na mimi sioni sababu ya mwanafunzi kutoka wakati huo. Suti ikukae kama ngozi. Ikiwa na mifuko ya hewa mgongoni au kwapani, maji baridi yataingia na kutoka na umevaa kazi bure. Kuivaa ni mieleka. Vaa mfuko wa plastiki mguuni kwanza, mguu uteleze hadi chini, uvue mfuko uhamishie mguu wa pili, kisha mikono. Ivute kwa nyama za vidole, si kwa kucha, maana kucha huitoboa. Siku ya kwanza kodi ufukweni. Ukinunua, tafuta iliyotumika. Watu wengi hununua, huvaa mara mbili, na kuziuza.

Wapi

Broadstairs, Kent, si mbali. Treni ya kasi kutoka St Pancras huchukua kama saa moja na nusu, kisha ni basi au mwendo wa miguu hadi Joss Bay, ghuba ya mchanga kati ya majabali meupe ya chokaa. Wimbi lake hutoka Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo linahitaji upepo wa kaskazini au kaskazini-mashariki uliovuma siku moja au mbili. Kiangazi siku nyingi bahari imelala tu. Jihadhari na kitu kimoja: usitembee chini ya majabali kutoka ghuba hadi ghuba maji yanapojaa. Njia huzibwa mbele na nyuma, na jabali halipandiki.

Bournemouth ni saa mbili hivi kutoka Waterloo, na kwa anayeanza napapenda kuliko Joss Bay: mchanga mrefu, walinzi wengi, vyoo, maduka ya kukodi. Shuka Pokesdown, kituo kimoja kabla ya Bournemouth, utembee hadi gati la Boscombe. Hapo ndipo halmashauri ilipotumia zaidi ya pauni milioni 3 kujenga mwamba wa bandia wa mifuko mikubwa ya mchanga ili kutengeneza mawimbi. Ulifunguliwa 2009, ukafungwa 2011. Mawimbi ya Mungu yanaendelea kuja bila mwamba, kila upepo wa kusini-magharibi unapovuma kwenye Mlango wa Bahari wa Uingereza.

Brighton iko karibu na wote tunaijua, ila usiende kujifunzia huko. Ni kokoto tupu, ufukwe unashuka ghafla, na wimbi linavunjikia miguuni pa mtu kwa kishindo.

Devon ya Kaskazini na Cornwall ndiko kwenye mawimbi hasa, yatokayo Atlantiki bila kizuizi. Huko si safari ya kwenda na kurudi. Yaache kwa mwaka wa pili, au kwa wiki moja ya likizo ukae Saunton, ambako wimbi ni la upole na mchanga hauna mwisho.

Kuchagua siku

Mtu wa pwani ana akiba hapa ambayo Mwingereza wa mjini hana. Bamvua na maji mafu ni yale yale. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Kalenda ya msikiti uliyotundika jikoni, yenye tarehe za Kiislamu pembeni, inakuambia mengi: karibu na tarehe 2 na 16 maji yatakwenda mbali na kurudi kwa kasi, karibu na tarehe 9 na 23 yatasogea kidogo tu. Kinachobadilika ni saa. Unguja bamvua hujaa mnamo saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Broadstairs hujaa karibu na adhuhuri na usiku wa manane, na kupwa kabisa mnamo saa moja asubuhi na saa moja jioni. Saa kamili utaziona kwenye majedwali ya maji, yanayopatikana bure mtandaoni. Usitoke bila kuyaangalia.

Kimo nacho hutofautiana sana. Broadstairs bamvua hupanda kama mita 4, sawa na Unguja. Bournemouth ni mita 2 hivi, kwa hiyo saa yoyote ni sawa isipokuwa maji yakijaa kabisa, ambapo wimbi huvunjikia kwenye mteremko wa ukingoni. Devon ya Kaskazini hufika 7, na bahari uliyoiacha mbele yako asubuhi utaikuta imekula nguo zako mchana. Kwa anayeanza, wakati mzuri ni maji ya kati, yakiwa yanajaa: mchanga chini ni sawa, na kila wimbi linakusogeza kuelekea nchi kavu.

Baada ya maji, soma utabiri wa mawimbi. Utakupa namba tatu, na watu hutazama ya kwanza tu. Kimo: nusu mita hadi mita moja kinakutosha kabisa. Ya pili ni sekunde kati ya wimbi na wimbi, nayo ndiyo yenye maana kubwa. Sekunde 4 au 5 ni vurugu ya upepo, mawimbi yanakuja ovyo hayana nguvu ya kukubeba. Sekunde 7 au 8 kwa pwani ya kusini ni siku njema. Kuanzia 10, wimbi la mita moja lina uzito usioutarajia, na mwenye kujifunza apunguze kimo anachokubali. Ya tatu ni upepo. Unataka uwe umevuma vizuri jana na kutulia leo, au ugeuke utoke nchi kavu kwa upole, kwani huo huinua uso wa wimbi na kulifanya livunjike polepole. Bournemouth hiyo ina maana ya kusini-magharibi jana, kaskazini leo. Joss Bay, kaskazini-mashariki jana, magharibi leo. Lakini upepo wa nchi kavu ukiwa mkali ni adui wa aliyelalia ubao, maana unamsukuma nje. Walinzi wakipandisha mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa, wanakuonya juu ya huo.

Zingatia pia mvua. Mifereji ya zamani ya Uingereza huchanganya maji ya mvua na ya vyooni, na mvua kubwa ikinyesha uchafu humwagwa baharini. Mwaka 2021 kampuni ya Southern Water, inayohudumia Kent na jirani zake, ilitozwa faini ya pauni milioni 90 kwa kumwaga uchafu kinyume cha sheria. Surfers Against Sewage, walioanza Cornwall mwaka 1990, wana programu ya simu inayoonyesha ufukwe gani umemwagiwa leo. Ikiwa ufukwe wako umeandikwa humo, nenda makumbusho.

Miezi? Septemba, kama una uhuru wa kuchagua. Maji bado yana joto la kiangazi, watoto wamerudi shule, na Atlantiki inaanza kuamka. Hakikisha tu kwamba walinzi bado wapo. Kila ufukwe una tarehe zake, na zimeandikwa kwenye tovuti ya RNLI.

Majini

Ingia kati ya bendera mbili za nyekundu na njano. Hapo ni pa waogeleaji na wa ubao wa kulalia. Bendera za miraba myeusi na myeupe ni za wale wa mbao ngumu za kusimamia, na ubao wao ukikupiga kichwani hutasahau. Bendera nyekundu peke yake maana yake bahari imefungwa. Mwambie mlinzi kwamba ni mara yako ya kwanza. Kijana huyo hana kazi nyingine, atakuonyesha pa kusimama.

Simama maji yakiwa kiunoni hadi kifuani, utazame nje. Wimbi huvunjika likifika kwenye kina kinachozidi kidogo kimo chake: la mita moja huvunjikia kwenye maji ya kama mita 1.3. Kwa hiyo ukitazama yanapovunjikia unajua kina bila kukipima, na ukijua kina unajua pa kungojea. Achia matano au sita ya kwanza yapite, ukipiga mbizi chini yake kila mara, tumbo karibu na mchanga, povu lipite mgongoni. Yatakuonyesha mwendo wake. Mawimbi huja kwa makundi, na mara nyingi la kwanza katika kundi si zuri.

Sasa chagua moja lililoinuka lakini halijavunjika, au povu la lililokwisha kuvunjika kama ndiyo kwanza unaanza. Geuka uelekee ufukweni likiwa bado hatua tatu au nne nyuma yako. Hapa ndipo wengi hukosea: hukaa wakingoja wimbi liwachukue. Wimbi ni kama daladala isiyosimama. Utingo huidandia kwa kukimbia nayo kwanza. Jisukume kwa miguu kutoka mchangani, piga mikono miwili mitatu kwa nguvu, piga na miguu, uwe na mwendo wako tayari likikufikia. Utahisi miguu inainuliwa na kichwa kinashuka. Papo hapo nyoosha mkono mmoja mbele, kaza mwili kama ulivyofanya ukutani bwawani, bana pumzi kifuani ili uelee juu. Ukilegea kiunoni, miguu inazama na wimbi linakuacha.

Ukipata povu moja kwa moja hadi kwenye maji ya magoti, umeshadandia. Rudi ulifanye tena mpaka lisiwe bahati. Baadaye utaanza kuelekea pembeni: wimbi likivunjika kutoka kushoto kwenda kulia, nyoosha mkono wa upande ambao bado haujavunjika, lalia ubavu huo, uone linavyokupeleka kwenye uso wake laini badala ya kukutupa kwenye povu. Wengine huvaa kibao kidogo cha mkono kuinua kifua. Kinasaidia, ila si lazima.

Kutoka kwenye wimbi kuna sheria moja nzito: kichwa kisitangulie kwenye mchanga. Shingo huvunjika kwenye maji ya magoti, si kilindini. Mkono mmoja uwe mbele daima, na ukiona wimbi linasimama wima na kupinda mahali penye maji machache, jikunje, jigeuze bega, uache likupite. Likikufinyanga chini, kinga kichwa kwa mikono, legea, ngoja. Linachukua sekunde chache ingawa zinaonekana nyingi.

Kwenye mchanga wa Uingereza kuna samaki mdogo aitwaye weever, hujifukia maji yakipwa na ana miiba yenye sumu mgongoni. Akikuchoma, zamisha mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa nusu saa au zaidi. Joto huivunja sumu. Waokoaji huwa nayo tayari. Viatu vya mpira hukinga.

Mkondo unaovuta nje ndio unaoua zaidi. Utautambua kwa kinyume cha unavyodhani: ni ile sehemu iliyotulia kati ya mawimbi yanayovunjika, maji ya rangi nzito au yenye mchanga, povu likielea kwenda nje. Mgeni huiona akasema hapo ndipo salama. Ukinaswa na bado miguu inafika chini, tembea, usiogelee. Kama haifiki, usishindane nao kuelekea ufukweni. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mfereji wake, kisha rudi na mawimbi. Ukichoka, elea chali, inua mkono, piga kelele. Mwenye ubao asiuache kamwe, ndio unaomfanya aelee. Na ukiwa ufukweni ukaona mwingine amenaswa pasipo na mlinzi, piga 999, omba Coastguard, usimfuate.

Ubao

Ukishadandia kwa mwili, ubao utauona mwepesi. Simamisha ubao wima mbele yako: ufike kitovuni. Epuka zile nyepesi za pauni kumi za vibanda vya ufukweni, zenye povu la aina ya vikombe vya chai. Hukatika siku ile ile, na watu wa shirika la Keep Britain Tidy wanahesabu maelfu zinazoachwa fukweni kila mwaka. Ukiuliza dukani, omba wenye kiini cha PE, ambacho hubaki kinapindika kwenye maji baridi. Cha PP ni kigumu zaidi, kimetengenezwa kwa maji ya joto kama ya kwetu. Kama utaurudisha Malindi kupanda mawimbi ya Julai, basi fikiria tena.

Lala kiuno kikiwa ukingoni mwa nyuma, mikono yote miwili ikishika pua kwa kuanzia, viwiko juu ya ubao, kichwa juu. Pua ikizama, rudi nyuma kidogo. Ikiinuka sana na wimbi likakupita, sogea mbele. Ukitaka kwenda kulia, mkono wa kulia ubaki kwenye pua na wa kushoto ushike ukingo wa kushoto katikati, kisha elemea kiuno kulia. Kamba ifungwe kwenye mkono, juu ya kiwiko. Mapezi nunua baada ya ubao, mafupi na ya mpira laini, yakubane ukiwa umevaa soksi. Ukiyavaa, ingia majini kinyumenyume, vinginevyo utajikwaa mbele ya watu.

Nusu saa hadi dakika arobaini inatosha siku ya kwanza. Toka kabla hujaanza kutetemeka, kwa sababu mwili huendelea kupoa hata baada ya kutoka. Jifunge kikoi, vua suti ndani yake, vaa nguo kavu kuanzia juu, kofia ya sufu mapema. Kikoi hicho kinafanya kazi ya yale majoho ya kubadilishia nguo yanayouzwa zaidi ya pauni mia, na kinakunjika mkobani. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya kuhifadhi moto iwe tayari. Bafu la moto lisubiri hadi mwili upate joto wenyewe. Usisahau kubeba mfuko mzito wa takataka wa kutia suti mbichi, maana itachuruzika njia nzima hadi Waterloo. Nyumbani isuuze kwa maji baridi kwenye beseni la bafu, ipindue ndani nje, ikunje katikati juu ya fimbo ya pazia la bafu, isiwekwe juani wala kwenye kipasha joto cha ukutani.